Mguu wa Mvuvi na Hesabu za Mbalamwezi

Siku P.O.P, ile plasta ngumu ya kufungia mfupa uliovunjika, inapokatwa, anayeshangaa kuliko wote ni mwenye mguu. Ngozi iliyofichwa kwa wiki nane au kumi imepauka, inabanduka magamba, na harufu yake inamfanya mwenyewe ageuze uso. Vinyweleo vimerefuka na kukolea kuliko vya mguu wa pili. Shavu la mguu lililokuwa limejaa limenywea, na mfupa wa mbele umetokeza. Akijaribu kukunja goti, linagoma. Mtu huyu aliihesabia siku hii, akajua akitoka hapo atatembea. Sasa anautazama mguu wake mwenyewe kana kwamba ni wa mtu mwingine. Naye daktari, mwenye foleni ndefu mlangoni, anamwambia: "Mfupa umeunga vizuri, kaka. Sasa ni mazoezi tu."

Kwa mkazi wa Bukoba mjini, kauli hiyo maana yake ni bodaboda mara mbili kwa wiki kwenda hospitali kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia. Ni usumbufu, lakini unawezekana. Kwa mkazi wa Goziba, maana yake ni ziwa.

Goziba ni kata ya Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Kwenye karatasi za serikali imepangwa pamoja na kata za migombani na za barabara kuu, ila kwenye ramani utaikuta mbali ndani ya Ziwa Victoria, maji pande zote. Kisiwa cha Bumbire angalau kinaonekana kutoka pwani ya Muleba. Anayekwenda Goziba hupanda mtumbwi wa mashine na kukaa saa nyingi majini, na safari huamuliwa na upepo kabla ya kuamuliwa na mtu. Mgonjwa mwenye magongo hubebwa kuingizwa mtumbwini, hukalishwa kati ya magunia ya dagaa na madumu ya petroli, mguu umenyooshwa juu ya nyavu, na kila wimbi linalopiga ubao yeye hulisikia kwenye mfupa. Akifika bara kuna gari tena hadi Rubya, Ndolage au Kagondo, hospitali za misheni ambazo watu wa Muleba wamezitegemea kwa vizazi, au hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Bukoba. Mambo yakiwa mazito zaidi ni Bugando, Mwanza.

Mtu wa namna hiyo hawezi kuambiwa arudi Alhamisi.

Kazi yenyewe ya kisiwani ndiyo inayoleta majeraha. Mvuvi wa dagaa hutoka jioni, hukesha na taa juu ya maji na kuvuta wavu kwa mikono na mgongo, kisha alfajiri anaruka kwenye maji ya magotini kusukuma mtumbwi mzito upande mchangani. Mtumbwi ukiteleza juu ya magogo, mguu ulio chini yake hauna pa kwenda. Kuna pangaboi la mashine, na kuna mawe yenye utelezi. Kuna gunia begani na ubao mwembamba wa kupandia. Wanawake wanaoanika dagaa huanguka na kutanguliza mkono, na kiganja hugeuka pale penye kifundo. Vijana nao, jioni ambayo hakuna kazi, hucheza mpira pekupeku kwenye mchanga, na magoti yao hulipa gharama.

Msomaji wa mjini anaweza kudhani shida ya watu hawa ni kufika hospitali siku ya ajali. Hiyo ni shida kweli, lakini siku ya ajali watu hukusanyika. Tajiri wa mtumbwi hutoa mafuta, jirani hutoa shuka, mtu hupiga simu bara. Taabu ninayotaka kuizungumzia huanza baadaye, wiki ya kumi, ya kumi na tano, ya ishirini, mgonjwa amesharudi kisiwani, kila mtu amesharudi kazini, na yeye ameachwa na mguu mwembamba na agizo la kufanya mazoezi asiyoyajua vizuri. Hapo ndipo miguu mingi iliyotibiwa vizuri hupotea.

Mwili unaficha hesabu zake, ndiyo maana watu hukosea. Mfupa una ratiba inayofahamika. Kifundo cha mkono cha mtu mzima huhitaji wiki sita hivi. Mfupa wa paja huchukua miezi mitatu hadi sita, na wa muundi hufanana na huo, hasa pakiwa na jeraha lililopasua ngozi. Daktari hutazama picha ya eksirei na kuona uzi mweupe wa mfupa mpya. Msuli hauonekani kwenye eksirei. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen walifunga mguu mmoja wa wanaume wenye afya njema usifanye kazi kwa wiki mbili tu. Vijana walipoteza karibu theluthi moja ya nguvu za mguu ule, na wazee karibu robo. Kisha wakaendeshwa baiskeli ya mazoezi kwa wiki sita, mara tatu au nne kwa wiki. Nyama ilirudi, lakini nguvu hazikuwa zimerudi zote. Hao walikuwa watu wasiovunjika chochote. Sasa mfikirie mvuvi aliyelala wodini miezi miwili, mguu umening'inizwa na mzigo wa kuuvuta, kisha akafungwa P.O.P juu yake.

Pamoja na msuli, kuna kiungo chenyewe. Goti lisilokunjwa hukaza ngozi yake ya ndani, makovu hushikana na mishipa, na kila wiki inayopita bila kulisogeza hulifanya gumu zaidi. Kuna pia kitu ambacho watu husahau kabisa: mizani ya mwili. Kwenye kifundo na goti kuna hisia zinazouambia ubongo mguu uko wapi hata gizani. Baada ya kuumia hisia hizo hufifia. Mtu anayeshuka usiku kutoka mtumbwini, asiyeona anapokanyaga, anazihitaji kuliko mtu yeyote wa ofisini.

Kipindi cha hatari, kwa jinsi ninavyoona, huja maumivu yanapoondoka. Wakati wa maumivu mtu hujilinda. Maumivu yakiisha, naye ametembea siku tatu bila gongo, giza linaingia, mitumbwi inapangwa, watoto wanahitaji ada, na tajiri anauliza kwa upole kama atapanda. Nani atakataa? Hapo nguvu za mguu ule huenda hazijafika hata nusu ya mwenzake. Mwaka 2016 watafiti wa Norwe na Marekani walichapisha matokeo ya kufuatilia watu waliotengenezwa kano ya katikati ya goti, ile inayowamaliza wachezaji wengi wa mpira. Waliona kwamba kila mwezi mmoja wa kuchelewa kurudi mchezoni, mpaka kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa takriban nusu. Mtu anaweza kuwahi kurudi kwa sababu anatembea vizuri tu na anajiona mzima. Kutembea vizuri ni kipimo cha kutembea. Kuvuta wavu ukiwa umesimama juu ya kitu kinachoyumba kunahitaji kipimo kingine.

Kwa hiyo subira inayotakiwa hapa ni ya mtu anayefanya kazi. Mtu akikaa mkekani miezi sita akimwachia Mungu, mguu utakauka. Anayejilazimisha kupanda mtumbwi wiki ya nane hurudishwa wodini. Katikati ya hao wawili kuna kazi ndogondogo ya kila siku, isiyo na msisimko, na watu wengi huishindwa kwa sababu hawaoni mahali inapoelekea. Mazoezi ya leo yanafanana na ya jana, na mguu wa leo unafanana na wa jana.

Lakini wavuvi wa dagaa wana kitu ambacho wagonjwa wa mjini hawana, nacho ni kalenda ya mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hushindwa na mwezi mpevu. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku za giza, ambazo watu huvua usiku kucha, na kuna mbalamwezi, siku saba hadi kumi hivi ambazo mitumbwi ya dagaa hupumzika, nyavu hushonwa, mashine hufunguliwa, na wengi huvuka bara kusalimia familia. Wavuvi wa sangara wenye nyavu za makila hawafungwi na ratiba hiyo, ila maisha ya kisiwa kwa jumla huifuata. Hakuna mvuvi wa dagaa anayelia kwamba mwezi unachelewa kufifia. Anajua ataingia ziwani usiku gani.

Naamini ratiba ya mguu ingepangwa hivyohivyo. Kliniki ya mgonjwa wa kisiwani iwekwe kwenye mbalamwezi, wakati mitumbwi inavuka bara kwa shughuli nyingine, nauli ni ya kuchangia, na ndugu wa kumshika mkono yupo. Mara moja kwa mwezi haitoshi kwa mtaalamu kumfanyisha mazoezi, lakini inatosha kumpima, kumsahihisha na kumpa kazi ya mwezi unaofuata. Na mgonjwa mwenyewe ajihesabu kwa mbalamwezi badala ya kujihesabu kwa siku. Mbalamwezi hii goti linakunjika mpaka wapi? Iliyopita lilikunjika mpaka wapi? Akipima kila asubuhi atakata tamaa, kwa sababu kuna siku goti huamka gumu kuliko jana bila sababu ya kueleweka. Akipima kwa mwezi ataona tofauti, na ataiona bila kuambiwa na mtu.

Vifaa vya kazi hiyo vipo kisiwani. Wiki za mwanzo mgonjwa hukaa mkekani, mguu umenyooka, kitambaa kilichokunjwa kimewekwa chini ya goti. Anakaza msuli wa paja kana kwamba anataka kukibana kitambaa kile ardhini, anahesabu taratibu mpaka tano, analegeza. Ukimtazama utadhani hafanyi chochote. Weka kiganja juu ya paja lake, inchi chache juu ya goti, ndipo utausikia msuli ukijaribu kuamka, dhaifu, unatetemeka, unakata katikati. Hilo ndilo zoezi linaloamua kama atatembea bila goti kumkatikia, na ndilo linaloachwa mapema kuliko yote kwa sababu halionekani. Baada yake anazungushia khanga chini ya unyayo, anashika ncha mbili, na kuuvuta mguu ukiteleza juu ya mkeka mpaka goti likunjike kadiri linavyokubali. Kifundo cha mguu kinakunjwa na kunyooshwa mara nyingi kwa siku, hata wakati wa kupiga soga, na hilo husaidia damu isigande miguuni.

Nguvu zikianza kurudi, chupa ya lita moja ya maji ni uzito wa kilo moja. Ikijazwa mchanga inakuwa nzito zaidi. Utepe uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli unafanya kazi ya mipira ya rangi inayotumika kwenye kliniki. Ukingo wa mtumbwi uliopandishwa mchangani una kimo kizuri cha kushikilia mtu anapojifunza kusimama kwa mguu mmoja.

Mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, kuna mizani pia, na hili ningependa wahudumu wa afya walifikirie. Daktari akisema mguu usibebeshwe zaidi ya kilo 20 kwa sasa, mgonjwa huitikia tu, kwani hakuna anayejua kilo 20 zinasikikaje kwenye unyayo. Kliniki za mjini hutumia mizani ya kujipimia uzito. Mwaloni ipo ile ya kuwekea magunia. Mgonjwa anaweka mguu unaouma juu ya mizani, mguu mzima juu ya mbao zilizopangwa kufikia kimo hichohicho, magongo kwapani, kisha anakanyaga polepole mpaka mizani isome 20. Anarudia mpaka unyayo ukariri. Dakika kumi za namna hiyo zinafundisha kuliko maelezo ya nusu saa.

Mchanga wenyewe unadanganya. Ni laini kwa kuangukia, lakini ni mgumu kwa kutembelea, kwa sababu unyayo hupinda kila upande na gongo huzama. Afadhali hatua za kwanza zipigwe kwenye sakafu au ardhi iliyoshindiliwa, na ncha ya gongo iongezwe kipande kipana cha mpira wa tairi. Mchanga uje baadaye, kama zoezi la mizani ya mwili. Kuingia mtumbwini, ukiwa umesimama kwa mguu mmoja huku kinachokupokea kinacheza, kuwe mwisho kabisa.

Halafu kuna ziwa. Mtu aliyewahi kuona picha za wachezaji wakifanya mazoezi kwenye bwawa atasema watu wa Goziba wana bwawa la bure. Ni kweli kwamba mtu aliyesimama kwenye maji ya kiunoni hubeba kwa miguu yake karibu nusu tu ya uzito wake, ndiyo maana maji hupendwa na wataalamu. Lakini maji matulivu ya kandokando ya Ziwa Victoria, penye majani, ndipo wanapokaa konokono wanaobeba kichocho, na kidonda ambacho hakijafunga hakipaswi kugusana na maji hayo hata kidogo. Mamba nao hawajaisha. Sishauri mgonjwa asimame humo nusu saa kila jioni kwa jina la mazoezi. Mvuvi ataingia majini tu kwa kazi yake siku ikifika, na dawa ya kichocho aimeze inapogawiwa, ila asiongeze saa zisizo za lazima.

Jambo linaloleta ubishi mkubwa nyumbani ni maumivu. Bibi anasema usimsumbue mtoto, muache apone. Kaka anasema bila kuumia hakuna kupona. Wataalamu wana kipimo kinachoweza kuwapatanisha wote wawili. Maumivu ya zoezi yanayovumilika na kutulia kabla ya kesho yake asubuhi ni ya kawaida. Yakiendelea mpaka kesho yake, au kiungo kikivimba na kuwa cha moto, zoezi lilizidi, lipunguzwe lakini lisiachwe. Shavu la mguu likivimba ghafla na kuuma likiguswa, au pumzi ikabana, hiyo ni dalili ya damu kuganda, na safari ya bara haingoji mbalamwezi. Ni hivyo pia kwa usaha, homa, ganzi inayoongezeka, na mguu unaoanza kupinda.

Kuchua nako kunahitaji neno. Kukanda kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu kabla ya mazoezi kunalegeza misuli, na mkono wa mama au mke unaofanya kazi hiyo kila jioni una faida ambayo dawa haina. Lakini kuna kuchua kwa nguvu, mtu anashikwa na wanaume wawili ili kiwiko kinyooke leo hii. Kiwiko kinacholazimishwa namna hiyo baada ya kuvunjika au kuteguka kinaweza kujibu kwa kujenga mfupa ndani ya nyama, mahali pasipo pake, na kikawa kigumu maisha yote. Waunga mifupa wa jadi wapo kwa sababu hospitali iko mbali, na baadhi yao wana mikono yenye busara. Ombi langu kwao ni mambo mawili tu: wasifunge vijiti kwa kukaza mpaka vidole vibadilike rangi, na wasilazimishe kiungo kilichokataa.

Kitu kingine kinachochosha mgonjwa ni salamu. "Hujapona tu?" Anaulizwa kisimani, dukani, msikitini, kanisani. Anayeuliza hana ubaya, lakini anayeulizwa mara kumi kwa siku huanza kujiona mvivu, hasa kijana ambaye heshima yake yote ilikuwa mabega yake. Wapo wanaotupa magongo kabla ya wakati ili tu wasiulizwe tena. Ni vema watu wakajua kwamba hata mwili uliozungukwa na wataalamu hauharakishwi. David Rudisha wa Kenya aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 jijini London mwaka 2012. Mwaka uliofuata aliumia goti, akakosa mashindano ya dunia ya Moscow. Mwaka 2014 alirudi, na kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola Glasgow akapitwa na kupata fedha. Dhahabu ya dunia aliipata tena Beijing mwaka 2015, na ya Olimpiki Rio mwaka 2016. Huyo alikuwa na kocha, madaktari na muda wake wote. Hata yeye ilibidi angoje.

Kagera ina kumbukumbu yake ya karibu zaidi. Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa mkoa. Watu 17 walihesabiwa kufa katika taarifa za siku zile na zaidi ya 400 wakajeruhiwa, wengi kwa kuangukiwa na kuta. Shule za Ihungo na Nyakato zilibomoka. Nchi nzima ilichanga. Picha za wodi zilijaa kwenye magazeti kwa wiki moja au mbili, zikafuata habari za saruji na mabati, na hilo lilikuwa haki. Lakini mtu aliyevunjika paja siku ile alikuwa hajaacha magongo Krismasi ilipofika, na huenda Pasaka ilimkuta akijifunza kupanda ngazi. Sisi waandishi hatukuwepo tena. Habari za majeruhi tumezoea kuziandika mpaka mtu atoke wodini.

Nchi yetu haikuanza jana katika jambo hili. Hospitali ya KCMC pale Moshi imefundisha wataalamu wa fiziotherapia tangu miaka ya 1970, na mwaka 1981 kikaanzishwa hapohapo chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, ambacho kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Shirika la CCBRT lilianza Dar es Salaam mwaka 1994, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Shida ni hesabu ya watu na mahali walipo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 duniani wana hali ambayo huduma za utengamao, yaani za kurejesha uwezo wa mwili, zingeisaidia, na kwamba katika baadhi ya nchi za kipato cha chini na cha kati wataalamu hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Ukiwa na wachache hivyo, hutawapeleka visiwani. Utawaweka Dar es Salaam, Moshi na Mwanza, na wengine kwenye hospitali za mikoa.

Kwa hiyo sitadai mtaalamu wa fiziotherapia awekwe Goziba mwaka huu. Nadai karatasi. Mgonjwa wa kisiwani anapotoka wodini apewe karatasi moja yenye michoro ya mazoezi yake, si ya kila mtu, imeandikwa kwa Kiswahili kilicho wazi: zoezi gani, mara ngapi, uzito gani, na lini aongeze. Sehemu ya pili ya karatasi hiyo ni ya mhudumu wa afya wa kisiwani, ili ajue anasimamia nini na ampigie nani. Simu za mkononi ziko kila mahali. Video ya nusu dakika ya mtu akitembea mwaloni, ikitumwa kwa mtaalamu aliyeko Bukoba, inamwonyesha kama nyonga inaanguka, kama goti linakwepa, kama gongo limeshikwa mkono usiostahili. Mtaalamu anajibu kwa sauti, kwa dakika moja, na safari ya mtumbwi inaokolewa.

Na nadai kitu kutoka kwa matajiri wa mitumbwi, kwa sababu wao ndio wanaoshika ufunguo wa subira ya watu hawa. Mvuvi hulipwa kwa mgawo. Asiyepanda hana mgawo, na asiye na mgawo atapanda hata goti likiwa linakatika. Kazi za nchi kavu zipo: kushona nyavu, kuchaji na kukagua taa, kuhesabu magunia, kulinda dagaa walioanikwa wasinyeshewe. Zinafanywa kwa kukaa au kusimama kidogo, na nyingine ni mazoezi zenyewe. Tajiri anayempa mtu wake kazi hizo kwa giza nne au tano, kwa malipo pungufu lakini ya uhakika, atampata tena mvuvi mzima aliyezoea mtumbwi wake. Kamati za mwalo, ambazo tayari zinakaa kujadili nyavu haramu na ushuru, zinaweza kuliweka jambo hili kwenye ajenda ya mbalamwezi ijayo, wakati watu wote wako nchi kavu.

Waanze na wale waliopo. Kwenye mwalo wowote ziwani yupo mtu mmoja angalau ambaye kila mtu anajua anachechemea, na hakuna anayejua kama kuna aliyewahi kumwonyesha namna ya kukaza ule msuli wa paja. Miezi ikipita mingi kazi huwa ngumu zaidi na goti haliwezi kurudi lote, lakini msuli hukubali kufundishwa hata kwa mtu mzima wa miaka 60. Kinachohitajika ni mbalamwezi moja ya kumvusha bara akapimwe, mchango wa mafuta, na mtu wa kumbebea magongo kwenye ubao wa kupandia.